Barua kwa Katekista: Viti 12 na mtori uliopoa

Tumsifu Yesu Kristo. Mwezi huu nimepata barua tatu kuhusu watu wenye mapenzi ya jinsia moja, jambo ambalo, tangu nianze kujibu ukurasa huu, hakuna aliyewahi kuniandikia waziwazi. Wote watatu hawakutumia simu. Waliandika kwa kalamu, mmoja kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la shule. Nimebadilisha umri, kazi na mitaa yao, kwa hiyo msinisimamishe sokoni Mbuyuni kuniuliza ni nani. Nimekuwa katekista miaka 34, siri nimezoea kuzibeba.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo hapa Moshi mjini, huu mwaka wa tano. Tunazunguka nyumba kwa nyumba kila Jumamosi asubuhi. Kuna mama mjane kwetu, mtoto wake wa mwisho ni fundi simu na ndiye anayetupigia kinanda Jumapili. Mwezi uliopita mtu alirusha picha kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya: kijana yuko kwenye sherehe Arusha, amemshika mwenzake kiuno, na chini pameandikwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Mimi ndiye admini. Niliifuta baada ya saa mbili, lakini ilikwisha sambaa.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya mama huyo. Nilifika saa 12:30 nikakuta amepanga viti 12 uani, vingine vya kuazima, na sufuria la mtori, ule mchuzi wetu wa ndizi, liko jikoni. Tulikuwa wanne: mimi, mwanangu wa darasa la tano, mzee mmoja asiyesikia vizuri, na mama mwenyewe. Kijana alikuwa ndani, hakutoka. Tulisali rozari, kila mtu akanywa bakuli moja, mtori uliobaki ukapoa. Sasa mwenyekiti ameifuta nyumba ile kwenye ratiba. Tena amenikataza kumwandikia kijana barua ya jumuiya ili awe msimamizi wa ubatizo wa mtoto wa dada yake. Nilipobisha akaniambia Papa aliruhusu ushoga, maaskofu wa Afrika wakakataa, kwa hiyo sisi huku hatulazimiki kukaa nao. Nifanye nini?

JIBU

Marahaba, mama katibu. Nianze na mwenyekiti wako, maana amechukua vipande viwili vya habari ya kweli akavishona vibaya.

Tarehe 18 Desemba 2023 Roma ilitoa tamko liitwalo Fiducia Supplicans. Linamruhusu padri kutoa baraka fupi, isiyo ya liturujia, kwa watu wawili wa jinsia moja wakiiomba, kwa sharti isifananishwe na ndoa hata kidogo. Fundisho la ndoa halikuguswa. Halafu tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, akatangaza kwamba baraka za namna hiyo kwa wawili hao hazitatolewa katika makanisa ya Afrika. Hapo mwenyekiti hajakosea. Ila barua hiyohiyo ya Ambongo inasema wenye mwelekeo huo watendewe kwa heshima na utu wao ulindwe. Nimeisoma mara mbili nikitafuta palipoandikwa kwamba mtori wa mama yao usinywewe. Sikupaona.

Kuna Katekisimu pia, kitabu cha mafundisho ya Kanisa. Yangu ni ile nene, imevimba upande mmoja kwa sababu niliwahi kuimwagia chai nikiandaa somo. Mambo haya yako namba 2357, 2358 na 2359. Ya kwanza Wakatoliki wetu wanaijua hata kama kitabu hawajakifungua: matendo ya mapenzi ya jinsia moja Kanisa haliyakubali. Wakifika hapo wanafunga kitabu. Inayofuata inasema watu hao wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya kuwabagua bila haki iepukwe. Siwezi kumcheka mwenyekiti kwa kutoijua. Nimefundisha kipaimara miaka yote hiyo, na 2358 nilikuwa nairuka, kwa sababu nilijua wazazi watanijia juu.

Sasa tuangalie hicho mlichonacho mkononi. Ni picha ya sherehe, kijana kamshika mwenzake kiuno. Mimi ninayo picha ya mwaka 1976, natoka misa na rafiki yangu wa Kilema tumeshikana mikono, vidole vimeingiliana, suruali zetu pana zinafagia vumbi. Wakati ule hakuna aliyeona kitu, na hapakuwa na kitu. Lakini hata tuseme maneno yote yaliyoandikwa chini ya picha ni kweli tupu. Namba 2477 ya kitabu kilekile inasema anayefichua kosa la mwenzake kwa watu ambao hawakulijua, bila sababu ya haki, ametenda dhambi, na ukweli wa habari haumwokoi. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 220, inakataza kuliharibu jina jema la mtu na kuingilia faragha yake. Kwa hiyo kama jumuiya inatafuta mtu aliyekosa hadharani, namba yake ya simu iko kwenye grupu lenu.

Tena si mzaha. Kwa matendo hayo, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi hii kinaanzia miaka 30 jela na kwenda mpaka maisha. Papa Fransisko, ndani ya ndege akirudi kutoka Sudan Kusini tarehe 5 Februari 2023, alisema kuwafanya watu hawa wahalifu kwa jinsi walivyo ni dhuluma, na kwamba nao ni watoto wa Mungu. Wewe na mimi hatutungi sheria za nchi. Ila aliyerusha picha ile alikuwa anachezea maisha ya mtoto wa jirani yake huku akiweka vikatuni vya kucheka. Na wewe, mama katibu, saa mbili ni nyingi. Najua ulikuwa na shughuli. Siku nyingine futa kwanza, halafu ndiyo urudi jikoni.

Barua ya ubatizo ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Kanuni ya 874 inataka msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe Mkatoliki aliyepata Ekaristi na kipaimara, na aishi imani kwa namna inayofaa kazi hiyo. Anayepima hilo la mwisho ni padri, naye ataongea na kijana uso kwa uso. Kazi yako ni kuandika unayoyajua: amehudhuria jumuiya mara ngapi, bahasha ya zaka inarudi au hairudi, kinanda anapiga. Daftari la mahudhurio unalo. Chumbani kwake hukuwahi kuchukua mahudhurio, basi usipaandikie.

Sasa mama. Hili ndilo limenikalisha macho.

Sisi Wachagga hatuhitaji tamko kutoka Roma kutufundisha namna ya kurudi kwenye nyumba tuliyoikosea. Isale lipo, ule mmea wetu wa kuombea radhi. Limepandwa kwenye kila mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, hata huko mjini kwenu utaliona kwenye uzio. Aliyekosa anapeleka jani la isale, na aliyeletewa isale hakatai, wazee walituonya tukiwa wadogo kwamba kulikataa ni kujitakia balaa. Lakini angalia vizuri ni nani anampelekea nani. Naona kabisa mwenyekiti wako angefurahi kijana aje mbele ya jumuiya kuomba radhi. Hapana. Aliyepanga viti 12 alfajiri hajamkosea mtu. Wenye deni ni waliokuwa wamelala.

Nitakwambia kwa nini nalisema hili kwa ukali. Mwaka 1998, kigangoni, darasani kwangu kulikuwa na mvulana mwenye sauti nyembamba na mwendo wa madaha. Wenzake walikuwa wakimwiga. Badala ya kuwanyamazisha wao, nikamwita yeye mbele, nikamwambia atembee kutoka ubaoni mpaka mlangoni "kama mwanaume". Alitembea. Darasa likaangua kicheko, na mimi nilitabasamu, nakumbuka. Alifika mlangoni akaendelea kutembea. Kipaimara hakupata kwangu.

Miaka kumi na mitano hivi baadaye, stendi ya Arusha, mtu mzima mwenye ndevu akanipokea mfuko. Shikamoo Mwalimu. Akanibebea mpaka ndani ya basi la Moshi, akausukuma chini ya kiti vizuri usidondoke, akainuka akaniuliza: "Mwalimu, siku hizi natembea vizuri?" Hakuwa anacheka. Nilijibu kitu, sijui nilijibu nini. Konda alikuwa anagonga bati, akashuka.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwendee mwenyekiti peke yako, jioni, usiandike neno kwenye grupu. Usimsomee Katekisimu, atajihami. Mwambie tu kwamba yule mama anawadai Jumamosi moja. Isale abebe yule mzee asiyesikia, maana ndiye mwanaume pekee aliyefika. Mkishaingia, habari ya kijana msiitaje. Na tafadhali, asiinuke mtu wakati wa maombi akaanza kumwombea kwa sauti ili "abadilike". Maombi ya namna hiyo ni umbea uliopiga magoti. Akitoka ndani, mpeni asome somo. Asipotoka, kunyweni mtori.

Mwenyekiti akigoma, nenda kwa paroko na mambo mawili mkononi, daftari la mahudhurio na ile ratiba iliyofutwa. Na nyinyi watatu endeleeni kwenda kwa yule mama. Mwanao wa darasa la tano anaangalia.

BARUA YA PILI

Shikamoo Mwalimu. Niko Arusha, nina miaka 29, kazi yangu ni ya watalii. Mimi ndiye hao wanaosemwa. Misa nakwenda, nasimama nyuma karibu na mlango, na ikifika komunyo natoka nje kama nimepigiwa simu. Sijaungama miaka sita. Naogopa padri ataniripoti, au atawaambia viongozi wa parokia. Na hata nikienda, ninaungama nini hasa?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza hilo la kuripotiwa. Kanuni ya 983 inasema padri hawezi kumsaliti anayeungama, kwa neno wala kwa njia nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Akiuvunja muhuri huo moja kwa moja amejitenga na Kanisa papo hapo, na kumfungulia ni kazi ya Roma, si ya askofu wake. Polisi hamtoi hilo mdomoni, wala mwenyekiti wa parokia.

Lakini shika sana hili, kwa sababu vijana wengi hawalijui: muhuri ni wa kitubio. Maongezi ya ofisini kwa padri, ya kwenye gari, ya simu, ya ujumbe wa usiku, hayo si kitubio. Hata kama padri ni mwema kama mkate, usimwandikie mambo haya. Nenda upige magoti upande wenye wavu, anza kwa ishara ya msalaba, sema muda tangu ulipoungama mara ya mwisho. Wala hulazimiki kwenda parokiani kwako. Kila mwamini ana uhuru wa kumchagua padri wa kumwungamia. Nimewahi kupanga foleni kanisa kuu la Mtakatifu Theresa hapo kwenu Arusha, mbele yangu mama na kapu la nyanya, nyuma yangu mtu wa suti. Hakuna aliyeulizwa anatoka wapi.

Unaungama nini? Yaleyale tunayosema sote mwanzo wa misa: mawazo, maneno, vitendo na kutotimiza wajibu. Jinsi ulivyo humo haimo. Kanisa linatenganisha mwelekeo na tendo, na mwelekeo peke yake halijauita dhambi. Huendi kuungama kwamba wewe ni mrefu. Kuhusu matendo, sikudanganyi: padri atakwambia habari ya usafi wa moyo, namba 2359, kama anavyomwambia kijana anayeishi na mchumba bila ndoa. Linaweza kukuchoma. Lisikilize, uliza, bishana naye kidogo ukitaka, kisha upokee maondoleo. Na usifanye kana kwamba miaka sita yote ni jambo hilo moja. Kama umewahi kumtoza mtalii bei mara tatu, nayo ipeleke.

Ukikutana na anayefoka, sema "asante, Padri", inuka, nenda kwa mwingine. Mimi nilifokewa mwaka mmoja kwa sababu ya zaka, na sikuacha dini.

Na ile simu ya uongo iache. Huendi kukomunika? Baki ulipo, kaa kwenye benchi. Nusu ya benchi hilo ni watu ambao ndoa zao hazijafungwa kanisani, na hakuna anayewahesabu.

BARUA YA TATU

Mwalimu, habari za siku. Mimi ni mama wa Marangu. Mwanangu wa kwanza yuko Dar, ana miaka 36, hajaoa. Mwaka jana aliniambia kwa kinywa chake kwamba hana haja na wanawake, nikamwambia asirudie tena maneno hayo. Baba yake hajui. Tumemtafutia binti mzuri wa Kilema, mbege na mbuzi tumeshapeleka, Krismasi akipanda nyumbani tunamwambia. Akishaoa si mambo yatatulia? Na akikataa, vitu vyetu tunaweza kudai?

JIBU

Nzuri, mae. Hapana, hayatatulia.

Kanuni ya 1103 inasema ndoa iliyofungwa kwa kulazimishwa au kwa hofu kubwa ni batili. Kabla ya matangazo padri atamhoji kila mmoja peke yake, kama anaoa kwa hiari. Mwanao ama atasema ukweli, na aibu mnayoikimbia itawakuta mlangoni mwa parokia, ama ataongopa kwa ajili yako. Akiongopa, baada ya miaka mitatu binti wa watu atakuwa anapanda ngazi za mahakama ya Kanisa na mtoto mgongoni. Yeye ameambiwa? Sioni kwenye barua yako. Naye ana mama yake huko Kilema anayemuandalia vitenge, na mama huyo angekuwa wewe ungesemaje?

Agosti 2018 waandishi wa habari walimuuliza Papa Fransisko, ndani ya ndege akitoka Ireland, angemwambia nini baba ambaye mwanawe amemweleza habari kama hii. Akasema kwanza sali, usimhukumu, zungumza naye, mpe nafasi, na kwamba kunyamaza si dawa. Wewe ulimwambia asirudie. Basi mpigie umwambie arudie, safari hii umesikiliza. Baba yake usimwambie wewe. Habari ni ya mwanao, atachagua siku yake. Na Krismasi apande nyumbani kama wenzake, achinjiwe, apewe kazi ya kukata ndizi, asikute binti ameketi sebuleni.

Mbege imekwisha kunywewa, mae, hiyo isahau. Mbuzi kama bado yuko hai mtume mshenga akaulize mapema, kabla ya tarehe 20 Desemba. Baada ya hapo hakuna mbuzi anayebaki mlima mzima.